Kujifunza Maneno ya Kiingereza: Niliyofundishwa na Barua ya Baba

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Njoro, Moshi



Katibu aliponiandikia aliniomba nieleze jinsi kijana anavyoweza kupanua msamiati wake wa Kiingereza cha juu. Nilicheka peke yangu. Wenzangu wa Kidato cha Pili cha mwaka 1979, ambao nawaona wamekaa pale nyuma kama walivyokuwa wakikaa siku zile, wanajua kwamba mimi ndiye niliyeitwa Kamusi. Wanajua pia jina hilo lilikomaje. Wadogo zetu hawajui, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Siku zile maneno ya Kiingereza tuliyawinda kama watoto wanavyowinda ndege kwa manati. Kila Jumatatu kijana alifika na neno lake, na aliyeleta neno refu kuliko wenzake alitembea kifua mbele hadi Ijumaa. Namna ya kujifunza ilikuwa rahisi. Unafungua kikamusi cha mfukoni, unachagua neno lenye silabi nyingi, unaandika pembeni neno jingine lenye maana ileile, kisha unayakariri yote mawili njiani. Kikamusi changu kilikuwa kidogo kama kitabu cha sala. Hakikuwa na nafasi ya maelezo, wala hakikuwa na sentensi hata moja. Neno lilifuatwa na neno, basi. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa na maneno zaidi ya mia nne kichwani. Hapa mtaani nikawa msomaji wa barua za watu, na akina mama walinilipa maandazi.

Baba yangu alikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja. Alisoma Kiswahili vizuri sana na gazeti halikumpita, lakini Kiingereza hakukipata. Ijumaa moja jioni alirudi na bahasha ndefu, akanikabidhi mbele ya mama na dada yangu. Akasema, "Haya, Kamusi wetu, wanasemaje?"

Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kutokana na hali ya kampuni, yeye alikuwa "redundant", na kwamba angelipwa "terminal benefits". Neno la kwanza sikulijua, lakini sikutaka kusema hivyo mbele ya dada yangu. Nikaleta kikamusi. Kikaniambia "superfluous". Hilo nalo sikulijua, nikalitafuta, nikaambiwa "extra". Hapo nikapumua, maana "extra" nilikuwa nalijua: ni ziada, ni nyongeza. Ama "terminal", sisi tulikuwa tukifanya "terminal examinations" kila mwisho wa muhula. Na "benefit" ni faida. Nikasimama wima kama msomaji wa taarifa ya habari nikatangaza: "Baba, wamekupa nyongeza. Na kila muhula watakulipa faida."

Tulikuwa na mbuzi mmoja aliyekuwa akifugwa kwa ajili ya kipaimara cha dada yangu. Alichinjwa Jumamosi. Mbege ikaagizwa kwa jirani, ndizi zikapikwa, wazee wa mtaa wakaja, na mimi nikapewa kipande cha ini mbele ya watu wazima. Jumatatu asubuhi baba alivaa shati lake jeupe akaenda kazini. Saa tatu alikuwa amerudi. Mlinzi wa getini alikuwa na orodha, na jina lake lilikuwa limepigwa mstari.

Aliketi kwenye kigoda, akanipa barua. "Soma tena," akasema, "polepole." Nikasoma tena, na sikuwa na kitu kipya cha kumwambia. Hakunipiga. Majirani walipouliza, na waliuliza wengi, aliwaambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeisoma vibaya ile barua. Kila mtu alijua hasomi Kiingereza, na kila mtu akanyamaza. Mimi tangu siku hiyo sikusoma barua ya mtu, na jina la Kamusi likafa kwa kuwa nililikataa kwa ngumi.

Sasa tuangalie kosa lilikuwa wapi, maana hapo ndipo somo langu lilipo. Kikamusi hakikusema uongo. "Redundant" ni kitu kilichozidi, kisichohitajika tena. Kampuni ilikuwa imehesabu watu wake na kumwona baba kuwa wa ziada. Ziada ilikuwa yeye, si mshahara wake. Lakini kutoka "redundant" hadi "superfluous", na kutoka hapo hadi "extra", nilikuwa nimevuka mito miwili, na kila mto ulichukua kidogo cha maana. Nilipofika ng'ambo nilikuwa na neno lenye sura ileile na moyo mwingine kabisa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alipata habari. Aliniita ofisini. Nilitegemea viboko au kicheko. Aliniuliza swali moja tu: "Katika barua ile, nani alikuwa 'redundant'? Mshahara au mtu?" Nikajibu kwamba ni mtu. "Basi," akasema, "hukuuliza neno linakaa na nani." Akafungua kabati, akatoa kamusi nene, akanionyesha kwamba chini ya maana kulikuwa na sentensi, na katika sentensi wafanyakazi walikuwa wakipoteza kazi. Ningeisoma sentensi ile kabla ya kufungua kinywa, mbuzi angekuwa hai.

Ile kamusi nene ilikuwa ya Hornby. Wanafunzi wa sasa mnaitumia, wengine katika simu, nami nataka mjue ilikotoka. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha. Huko aliona kwamba kamusi za Waingereza zimeandikwa kwa ajili ya Waingereza, ambao tayari wanajua neno linavyotumika na wanataka tu kukumbushwa maana. Mwanafunzi wa Kijapani, kama mwanafunzi wa Njoro, anahitaji kuonyeshwa neno likiwa kazini. Kwa hiyo yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatunga kamusi yenye sentensi za mfano. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948.

Kabla yake, mwaka 1935, Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, alitoa pamoja na Endicott kamusi nyingine ya wageni. Walifafanua maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Fikirini jambo hilo. Hakuna kumtuma mtoto kutoka "redundant" hadi "superfluous". Neno gumu linaelezwa kwa maneno mepesi, kwisha. Wachapaji wa Longman walifuata njia hiyo katika kamusi yao ya mwaka 1978, kwa maneno ya kufafanulia yapatayo 2,000. Naona kazi hiyo ni kubwa kuliko kuandika vitabu vingi vya sarufi, ingawa walimu wa sarufi waliomo humu wataninunia.

Pale ofisini mwalimu alinipa daftari la kurasa 96 na masharti. Kila neno lipewe ukurasa wake. Juu, niandike maana kwa maneno ambayo mdogo wangu angeyaelewa. Nikishindwa, neno sijalijua. Chini yake niandike ndugu zake, yaani visawe, na mbele ya kila ndugu niseme wanatofautiana nini. Kisha sentensi mbili: moja niliyoikuta kitabuni au gazetini, nyingine ya kwangu mwenyewe, kuhusu kitu ninachoweza kukiona au mtu ninayemjua. Sentensi ya kwangu isiwe ya kubuni hewani. Maneno matano kwa wiki, si zaidi. Mimi niliyekuwa nikimeza ishirini kwa siku niliona ananidharau.

Sehemu ya visawe ndiyo iliyonichukua muda mrefu, na leo nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoangukia. Kijana anadhani visawe ni mapacha. Ni ndugu tu, na ndugu hawaazimani nguo zote. Jambo hili tunalijua sana katika Kiswahili, ila hatujui kwamba tunalijua. Mtu akikuambia "Kuku wetu amefariki", utacheka. Kuku anakufa. Mzee wa mtaa amefariki, au ameaga dunia. Ukimwambia mfiwa "Nasikia baba yako amekufa", hujakosea maana hata kidogo, lakini atakukumbuka kwa ubaya miaka mingi. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tulilisikia neno kila mara likiwa na wenzake, mpaka tukajua linakaa na nani.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipotafsiri mchezo wa Shakespeare wa wafanyabiashara wa Venisi, uliotoka mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema tajiri, au mfanyabiashara, au mchuuzi. Alichagua bepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kila msomaji aliinua kichwa kabla hajafungua jalada. Tena alipoacha urais mwaka 1985 hatukusema amejiuzulu wala amestaafu tu. Tulisema ameng'atuka, neno la Kizanaki, na mtu hakuhitaji kamusi kulielewa, kwa kuwa tendo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu.

Basi chukueni Kiingereza vivyo hivyo. Kuna "thrifty", kuna "frugal", kuna "stingy", kuna "miserly". Kikamusi changu cha zamani kingewapanga wote mstari mmoja. Lakini sisi Wachagga tukijieleza katika jambo la fedha tunasema tu "thrifty". Watani wetu Wapare tunawaita "stingy". Wao wanasema kinyume chake, na mlima unawasikiliza wote. "Thrifty" ni sifa, "stingy" ni tusi, na fedha iliyobaki mfukoni ni ileile.

Chukueni tena barafu ya Kibo, tunayoiona kutoka uwanjani hapa mawingu yakikubali. Watafiti waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2007 waliona kwamba karibu asilimia 85 ya eneo la barafu ilikuwa imetoweka. Kwa Kiswahili tunasema imepungua, na inatosha. Kwa Kiingereza unaweza kusema barafu "is receding", kwa sababu ukingo wake unarudi nyuma, kama nywele za Ndugu Mwenyekiti wetu, anisamehe. Unaweza kusema "is shrinking", kwa sababu umbo lake lote linakuwa dogo, kama sweta la shule likifuliwa kwa maji ya moto. "Dwindle" nalo ni la akiba au idadi inayokwisha polepole, kama unga wetu wa mwisho wa muhula miaka ile ya shida, ule unga wa njano tuliouita Yanga. Lakini nywele za Mwenyekiti hazi-"shrink", na sweta hali-"recede". Ukiandika sentensi tatu, moja kwa barafu, moja kwa sweta, moja kwa unga, hutazisahau tena. Ukikariri kwamba yote matatu maana yake ni kupungua, utachinja mbuzi siku isiyo yake.

Baada ya shule niliingia kazi ya mahakama, ukarani na ukalimani, nikaifanya kwa karibu miaka 40 hadi nilipostaafu. Mashahidi walisema Kiswahili, na wengine Kichagga au Kimaasai, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Jambo zuri, ingawa lilinikuta nikikaribia kuondoka. Muda wote huo nilifanya kazi kati ya maneno yanayofanana. Kwa mtu wa mtaani "murder" na "manslaughter" ni kuua. Katika Kanuni ya Adhabu la kwanza ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kifo. La pili ni kuua bila kukusudia, na jaji anaweza kumfunga mtu miaka michache au hata maisha. Shahidi anaposema "alimwua", mkalimani anayejua neno moja tu la Kiingereza ameshamhukumu mtu kabla ya jaji. Niliandika "killed", neno lisilotia nia ndani yake, na nia nikawaachia wanasheria waitafute. Kila nilipofanya hivyo nilikumbuka orodha ile ya getini.

Naona nimewachosha wazee. Niseme na wadogo zetu mambo mawili ya mtihani.

La kwanza, msianze na maneno marefu ya kujionyesha. Mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alitoa orodha ya mafungu 570 ya maneno yanayorudiarudia katika vitabu vya taaluma zote, iwe biolojia, historia au uchumi, na akaona yanachukua karibu neno moja katika kila maneno kumi ya vitabu hivyo. Humo kuna "assume", "derive", "consequent", "significant". Si maneno ya kumtisha mtu barazani. Lakini kwa maneno matano kwa wiki, kama nilivyoamriwa mimi, mnayamaliza yote kabla ya kumaliza Kidato cha Nne, tena mna likizo ndani yake.

La pili, someni amri za maswali. Nimesahihisha majaribio ya wajukuu zangu, na bado naona mtoto anaulizwa "Account for the rise" ya jambo fulani, naye anaanza kutoa hesabu au kusimulia, wakati anatakiwa kueleza sababu. "Account" peke yake ni kitu kimoja. "Account for" ni kitu kingine. Neno linakaa na nani?

Kuna watakaosema lawama ni ya lugha yenyewe ya kufundishia, na hawakosei sana. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na kuendelea, pendekezo likakwama. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu waliotoka Uingereza, walipima Kiingereza cha shule zetu, wakasema ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza yaanzie. Yaani sisi wengine tisa kati ya kumi tulikuwa tukimaliza kabla hatujaanza. Mimi ningefurahi kuona fizikia ikifundishwa kwa Kiswahili kesho asubuhi. Hata hivyo barua za Kiingereza zitaendelea kuja, na siku hizi mikataba ya kazi na ya mikopo inakuja katika simu, mtoto anaambiwa na mzazi, "Hebu nisomee hapa." Ninyi mlioketi mbele hapa mtaombwa hivyo, pengine jioni ya leo. Usipolijua neno, sema hulijui. Mimi nilishindwa kusema maneno hayo mawili ya Kiswahili, na hayo hayahitaji kamusi.

Baba hakurudishwa kazini. Alilima kahawa na ndizi kwa babu, juu Kibosho, na dada yangu alipata kipaimara chake bila mbuzi. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mahakamani, nilimwuliza kwa nini aliwaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyesoma vibaya. Akasema nyama ilikuwa imeshaliwa.

Daftari lenyewe nimelileta, hili hapa. Ukurasa wa kwanza ni wa "redundant". Maana niliandika hivi: mtu au kitu ambacho wengine wameamua hawakihitaji tena. Sentensi ya kitabuni mtaiona wenyewe. Ya kwangu inasema: "My father was made redundant on a Friday, but we still needed him at home." Mwalimu aliweka alama ya vema kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika kwamba nisahihishe mwandiko. Ndugu Mkuu wa Shule amekubali daftari likae maktaba. Kurasa za nyuma kama thelathini hivi bado ni tupu, na kalamu inaruhusiwa.